Chanda Chema Huvikwa Pete, Lakini Chanda Kipi?

Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Kila mwaka unapokaribia kwisha, wapenzi wa sinema katika nchi yetu huanza kubishana juu ya chanda hicho: ni nani, miongoni mwa waigizaji wa kiume walioshika nafasi ya kwanza katika picha za mwaka, anayestahili kuitwa bora kuliko wenzake? Mabishano hayo husikika ndani ya mabasi na katika vibanda vya kuonyeshea picha, na hapa Dodoma husikika hata miongoni mwa mafundi wapumzikao kivulini baada ya kumwaga zege. Si mabishano ya mzaha. Mwaka 2021 Bodi ya Filamu ilifanya tamasha la kutoa tuzo mjini Mbeya, na mwaka 2022 ikalifanya Arusha. Basi jambo lililokuwa la barazani likawa jambo la taifa.

Sisi twaliunga mkono. Taifa lisilowaheshimu mafundi wake halina haki ya kulalamika siku mafundi watakapokwisha. Lakini kabla pete haijavikwa, yatupasa tuulizane kwa makini: chanda chema ni kipi?

Wapo wapimao kwa sura. Kwao mwigizaji bora ni yule mwenye umbo la kupendeza, suti iliyonyooka na gari linalong'aa. Wapo wapimao kwa kelele: aliaye kwa sauti kubwa kuliko wote na kugaagaa chini ndiye aliyeigiza kweli. Na wapo wapimao kwa jina, kwamba aliyezoeleka zaidi ndiye aliye bora zaidi. Vipimo hivi vitatu ni vyepesi, na kwa sababu ni vyepesi vinapendwa. Lakini suti ni kazi ya fundi cherehani, kelele ni kazi ya koo, na jina ni kazi ya watangazaji. Kazi ya mwigizaji iko wapi?

Kipimo tunachokipendekeza hapa ni kimoja. Mwigizaji mkuu aliye bora ni yule ambaye akimwigiza mkulima, mkulima aliyekaa mbele ya picha hujiona kuwa ni mtu kamili. Akimwigiza mfanyakazi, mfanyakazi huona uchovu wake, hila zake, hasira yake na matumaini yake yametendewa haki. Hatusemi asichekeshe, wala hatusemi aigize watu wema tu. Twasema asimfanye mtu kuwa kitu.

Ili kuona uzito wa kipimo hicho, na tuanze na mwigizaji ambaye vijana wengi wa leo wamjua kwa kazi nyingine kabisa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitengeneza picha za hadithi kwa lugha ya Kiswahili, ikisaidiwa na kampuni ya sinema kutoka Afrika ya Kusini. Miongoni mwa picha hizo zilikuwapo "Muhogo Mchungu", "Meli Inakwenda" na "Chalo Amerudi". Mwigizaji mkuu aliyepata sifa katika picha hizo alikuwa kijana wa Songea, mtumishi wa idara ya Serikali iliyoshughulikia ustawi wa jamii, aliyesoma katika Shule ya Serikali ya Tabora. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa.

Hadithi ya "Muhogo Mchungu" ni ya mtu wa shamba aingiaye mjini na kupambana na ulaghai wa mji. Hadithi kama hiyo haikuzuka bure wakati ule. Hapa katika nyanda za kati, Waingereza walikuwa wameanza mwaka 1947 ule mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Maelfu ya watu waliyaacha majembe yao wakaenda kutafuta mshahara. Mwaka huo huo, mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam ulipanda na reli ya kati ukafika Dodoma, Kongwa na Tabora. Mradi wenyewe ulishindwa, ukafungwa mwaka 1951, baada ya mvua kukosekana na mashine kuvunjika katika udongo ule mgumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na kila sababu ya kumtazama kwa wasiwasi mtu wa shamba aliyefunga mzigo wake kwenda mjini.

Kwa hiyo picha za namna hiyo zilikuwa na somo: jihadhari na mji. Ni kweli kwamba ulaghai wa mjini ulikuwapo, na kwamba mgeni aliibiwa. Lakini haikuwa kazi ya picha iliyolipiwa na Serikali ile kuuliza kwa nini mtu huyo aliondoka kwao, wala nani aliyemtoza kodi ambayo jembe lake halikuweza kuilipa, wala kwa nini mshahara wa mjini haukumtosha chakula. Mtazamaji alipewa mtu wa kumcheka. Hakupewa sababu ya mtu huyo kuwa pale.

Tazama sasa yaliyofuata. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika viliungana katika shirikisho moja, na Katibu Mkuu wake wa kwanza akawa yule yule kijana wa sinema. Maswali ambayo picha hayakuyauliza, mwigizaji wake akayauliza kwa sauti mbele ya waajiri: mshahara, saa za kazi, heshima ya mtu. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Na mwaka 1973, TANU ilipoamua kwamba makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma, Waziri Mkuu alikuwa Kawawa huyo huyo. Mfanyakazi apitaye leo katika barabara pana za mji huu na akumbuke kwamba uamuzi ulioziita barabara hizo ulipitishwa wakati Serikali ikiongozwa na mwigizaji wa "Muhogo Mchungu". Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyomfanya kuwa kiongozi. Wengi waliigiza wasiongoze, na wengi waliongoza wasiigize. Twasema tu kwamba aliyeigiza mtu wa shamba adanganywaye hakukubali kwamba kudanganywa ndilo fungu la mtu wa shamba. Na hilo ndilo jambo la kwanza la kumpimia mwigizaji: je, amjua mtu anayemwigiza kupita hadithi aliyopewa?

Baada ya uhuru, watengenezaji wa picha walikuwa wetu wenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1970 ilitoa picha ya "Fimbo ya Mnyonge". Shujaa wake, Yombayomba, naye ni mtu wa shamba aendaye mjini kutafuta kazi asiipate. Waweza kusema ni hadithi ile ile ya "Muhogo Mchungu". Sivyo. Yombayomba afika katika kijiji cha ujamaa, aona jinsi watu wanavyofanya kazi kwa pamoja, kisha arudi kwao akiwa na jambo la kuwaambia wenzake. Yule wa kwanza alikuwa mtu wa kuonywa. Huyu wa pili ni mtu wa kutenda. Katika muda wa miaka kama ishirini nafasi ya mwigizaji mkuu ilikuwa imepanda cheo.

Hata hivyo haki yataka tuseme upande wa pili. Mkoa wa Dodoma ulikuwa wa mbele katika kuhamia vijijini. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1970 na kuendelea mwaka 1971, baada ya njaa na ukame. Wako wazee wa Bahi, wa Mpwapwa na wa Chamwino waliohamishwa wakati ule. Wanajua faida walizozipata, shule, zahanati na maji karibu. Wanajua pia mashamba yaliyoachwa mbali, ng'ombe waliokosa malisho, na matembe yaliyobomolewa kabla nyumba mpya hazijaezekwa. Mwigizaji aliyemwonyesha Yombayomba akifurahi tu aliigiza nusu ya kweli. Picha iliyomweleza mtazamaji wa Dodoma habari za maisha yake mwenyewe, ikaacha shida zake, ilimheshimu nusu. Basi tusidhani kwamba ni wakoloni peke yao waliowapa waigizaji hadithi fupi kuliko maisha.

Wako watakaosema kwamba kipimo hiki kitatuletea waigizaji wa kuigiza mashujaa na watakatifu tu. Jibu laweza kupatikana kwa jirani zetu. Mwaka 2007 tuzo ya Marekani ijulikanayo kwa jina la Oscar, ya mwigizaji mkuu wa kiume, ilikwenda kwa Forest Whitaker kwa kumwigiza Idi Amin katika picha ya "The Last King of Scotland", iliyopigwa Uganda kwenyewe. Mwigizaji huyo alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo. Nchi yetu ilipigana vita na Amin mwaka 1978 na 1979, na hapana haja ya kuwaeleza wananchi wa Tanzania uovu wake. Lakini Whitaker hakutuonyesha zimwi la hadithi za watoto. Alituonyesha mtu acheko, apendezaye, awezaye kuuvuta mkutano mzima kwa mzaha mmoja. Na ndipo tukaelewa jinsi taifa lilivyoweza kunaswa. Zimwi humwogopesha mtoto tu. Mtu mwovu aliyeonyeshwa kuwa ni mtu humfundisha raia ajilinde.

Ila hapo pana funzo lingine, nalo ni chungu. Hadithi ile ya Afrika Mashariki iliandikwa na wageni, na mtu tunayetembea naye ndani ya picha nzima ni daktari wa Kiskoti ambaye hakuwapo katika historia. Mwigizaji alikuwa bora. Hadithi haikuwa yetu. Chombo kikiwa cha jirani, abiria hachagui bandari.

Na tuvitazame vyombo vyetu sasa. Tangu mwaka 2003 picha za Kiswahili zilizotengenezwa kwa kamera za video zilienea nchini kote, zikauzwa sokoni kwa kanda na kwa santuri. Steven Kanumba, mwana wa Shinyanga aliyezaliwa mwaka 1984, ndiye aliyekuwa uso wa wakati huo. Alishirikiana na waigizaji wa Nigeria katika "Dar to Lagos", akaonyesha kwamba mwigizaji wa Kiswahili aweza kusimama nao bega kwa bega. Alipofariki Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, Dar es Salaam ilijaa waombolezaji kama aliyekufa ni kiongozi wa nchi. Watu hawakulilia suti. Walimlilia kijana wa bara aliyewaonyesha watoto wa bara kwamba njia ipo.

Mwingine ni Amri Athumani wa Tanga, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto. Waamuzi wa tuzo za dunia hawapendi sana wachekeshaji; hudhani kwamba kuchekesha ni jambo dogo. Lakini ni nani aliyemwigiza mzee wa Kiswahili kwa ukamilifu kuliko Majuto? Ubahili wake, ujanja wake, kiburi chake cha kimaskini, vyote tulivijua kwa sababu tumekaa navyo nyumbani. Tulimcheka, na katika kumcheka tulijicheka wenyewe, nasi hatukudhalilika.

Hapa lazima tuseme na msomaji kama mfanyakazi kwa mfanyakazi. Mwaka 2018 Majuto alipokuwa mgonjwa, habari za mikataba yake zilifika mpaka kwa Waziri aliyehusika na sanaa, na kamati ikaundwa kuchunguza mikataba ya wasanii. Yeye mwenyewe alifariki Agosti mwaka huo. Mtu aliyechekesha taifa alihitaji ugonjwa ili taifa liulize alilipwa nini! Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999. Bodi ya Filamu tunayo, kwa sheria ya mwaka 1976. Kinachopungua ni desturi. Fundi mwashi wa Dodoma hawezi kupanda juu ya jukwaa la mbao bila kujua ujira wake. Mwigizaji hupanda jukwaani kwa ahadi ya mdomo, na anapodai huambiwa kwamba amepewa jina, basi ashukuru. Jina halipeleki mtoto shule. Pete inayovikwa chanda chenye njaa ni mapambo, si heshima.

Katika picha za miaka ya karibuni iko moja inayotupa tumaini. Ni "Vuta N'kuvute" ya mwongozaji Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la sinema la Toronto, Kanada, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar. Hadithi ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, na nafasi ya Denge, kijana apinganaye na utawala wa Kiingereza, imechezwa na Gudrun Columbus Mwanyika. Nafasi kama hiyo ni mtego mkubwa kwa mwigizaji. Ni rahisi kumfanya mpigania uhuru kuwa bango la ukutani, mkono juu, maneno makali, macho mekundu. Mwanyika hakupita njia hiyo. Denge wake huongea kidogo, husikiliza, hupenda, huogopa. Na kwa sababu twaiona hofu yake, twauamini ushujaa wake. Huyu ni mwigizaji aliyekaa na mtu wake akamjua.

Basi nyanda za kati zimo wapi katika hesabu hii? Swali hili ndilo linalotuhusu sisi wa Dodoma kuliko yote. Mji huu ni makao makuu. Bunge liko hapa, wizara ziko hapa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatufikisha hapa kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Lakini katika vichekesho vingi vya mjini, Mgogo bado ni yule mshamba wa zamani. Hufanywa ombaomba. Lafudhi yake huchekwa kabla hajamaliza sentensi. Watu wazima hucheka, na mtoto wa Mvumi aliyekaa mbele ya runinga hucheka pia, kisha kesho yake shuleni huificha lugha ya mama yake.

Mwigizaji atakaye kumwigiza mtu huyo na aijue kwanza historia yake. Katika vita kuu ya kwanza ya dunia, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua maelfu kwa maelfu na kutawanya jamaa zilizobaki kutafuta chakula kwa majirani. Mtu aliyenyang'anywa ghala lake, akaenda kuomba, akachekwa kwa sababu ya kuomba: huyo si mzaha. Huyo ni mtu mkuu wa hadithi, naye bado angoja mwigizaji wake.

Wala asiseme mtu kwamba ardhi hii haina vipaji. Hukwe Zawose alitoka Doduma, akaipeleka zeze na ilimba ya Kigogo mpaka Bagamoyo na mpaka Ulaya, wala hakubadili sauti yake ili apendeze wageni. Walimwendea alivyo. Aliyeyafanya hayo kwa wimbo ametuonyesha kwamba yawezekana kwa picha.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu. La kwanza kwa waamuzi wa tuzo: mpimeni mwigizaji kwa ukweli wa mtu aliyemwigiza, na mchekeshaji asiachwe nje kwa kuwa ametuchekesha. La pili kwa vyama vya wafanyakazi na matawi ya chama: mwigizaji ni mfanyakazi, mkataba wake uandikwe, usomwe, na aelezwe maana yake kabla kamera haijawashwa. La tatu kwa watengenezaji wa picha: njoni Kondoa, Kongwa, Manyoni na Mpwapwa, si kwa kupiga picha za mibuyu jua likitua, bali kwa kusikiliza watu. Waacheni waseme kwa lafudhi yao, na mwape nafasi ya kwanza, si nafasi ya kuchekwa.

Wazee walituachia pia neno lingine, kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mwaka ule ambao kijana wa nyanda hizi atasimama ndani ya picha akiwa na jembe lake, lafudhi yake na akili zake zote, na mafundi wetu wakiwa kivulini wakasema, "Huyo ndiye sisi," hapo waamuzi hawatakuwa na kazi kubwa. Pete itakijua chanda chake.